Siku Afande Alipomkagua Mwanawe

Mama Chiriku aliitwa shuleni akiwa kazini, na kwa kuwa mwalimu aliyempigia alisema aje upesi, hakupata hata nafasi ya kubadili nguo. Alivuka uwanja wa shule na sare yake ya askari magereza, buti zikigonga changarawe, kofia kwapani. Ilikuwa saa ya mapumziko. Wanafunzi wakaacha kucheza wakamtazama, na mvulana mmoja akapaza sauti, "Haya, wamemfuata Chiriku! Moja kwa moja jela, hata mahakamani hapiti!" Wenzake wakaangua kicheko. Mama Chiriku akajifanya hana masikio. Kule kazini, anayethubutu kucheka afande akipita hukiona cha mtema kuni. Lakini hapa alikuwa mzazi tu, tena mzazi wa aliyekosa, na mzazi wa aliyekosa hana cheo.

Ofisini alimkuta mkuu wa shule, mwalimu wa ushauri, na mpishi wa shule aliyesimama pembeni bado amefunga aproni. Binti yake alikuwa kando ya kabati, mikono kifuani, macho dirishani, kana kwamba kesi ni ya mtu mwingine. Juu ya meza kulikuwa na simu mbili.

"Tumezikuta kwenye begi lake," mkuu wa shule alisema taratibu, kama daktari anayetoa majibu mabaya. "Hizi wenyewe wamepatikana, ni wanafunzi wenzake. Ya tatu ndiyo haionekani. Ya mpishi wetu."

"Mimi sitaki kesi na mtu," mpishi akasema. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono imebabuka kwa mvuke. "Nataka simu yangu. Mwanangu yuko mbali, hunipigia kwa simu ile. Namba yake imo mle mle, kichwani sina."

"Simu ya mama huyu iko wapi?" Mama Chiriku akamgeukia binti yake.

"Sijui."

"Nimekuuliza iko wapi!"

"Na mimi nimesema sijui."

Mtoto huyo waliyempa jina la Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea, siku hizi ukimtoa maneno mawili umshukuru Mungu. Alikuwa ametimiza miaka kumi na sita. Kucha zake zilikuwa zimepakwa rangi ya zambarau na vinyota vya fedha, na Mama Chiriku alijua hakuna senti yake iliyolipia vinyota vile.

Mkuu wa shule akasafisha koo. "Kwa kawaida hapa ningewaita polisi. Ila mwalimu wa ushauri amemwombea. Kila muhula tunawapeleka wasichana wachache kwenye gereza la wanawake, wakae na wafungwa, wawasikilize. Akienda, na simu ya tatu ikapatikana, tutalimaliza hapa hapa. Isipopatikana, sina la kufanya." Akaitazama ile sare. "Nadhani gereza lenyewe unalifahamu."

"Nalifahamu," Mama Chiriku alisema.

Mkuu akatafuta neno la kumfariji, akalikosa, akaishia kusema, "Basi, angalau hatakuwa mgeni."

Chiriku akageuka kutoka dirishani kwa mara ya kwanza. Uso wake ulikuwa umemparama. "Siendi," akasema. "Afadhali polisi."

*

Habari ziliwatangulia nyumbani. Walipopita bombani, kina mama waliokuwa wakichota maji walinyamaza ghafla, kisha mmoja akasema na ndoo yake, maana hakumtazama mtu, "Analinda wa watu, wake wamemshinda." Mama Chiriku akajikaza kisabuni, akapita.

Sebuleni Bibi, mama yake mzazi, alikuwa akikunja nguo huku redio ikimzungumzia. Alipoona nyuso zao akaipunguza sauti. "Nimeshasikia. Sasa nani amekufa? Simu ni simu, si roho ya mtu. Mlete mjukuu wangu ale."

"Mama, usimtetee."

"Namtetea nani? Nimesema ale. Hata huko kwako wanakula."

Mama Chiriku akampita. Aliingia chumba cha binti yake, akafungua sanduku la nguo, akavuta shuka, akainua godoro, akatia mkono ndani ya mito. Hakupata simu. Alipata vichupa vya rangi, hereni ambazo hakuwahi kuzinunua, na mkoba mzuri wa kike uliokuwa mtupu. Kila kitu alichokitupa sakafuni kilimwongezea moto. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni akimtazama.

"Simama ukutani! Mikono ionekane!"

Sauti ile haikuwa ya nyumbani. Ilikuwa sauti ya korido, inayopita milango ya chuma bila kupungua. Hata redio sebuleni ilionekana kunyamaza. Chiriku akageuka, akaegemeza viganja ukutani, akapanua miguu, kwa wepesi wa mtu aliyewahi kujifunza kwa kuona.

"Haya," akasema akiwa ameukabili ukuta. "Nihesabu basi. Mmoja. Nimetimia?"

Mama Chiriku akainua mkono. Ukabaki hewani.

"Mama, wewe huniulizi kitu," Chiriku aliendelea. "Unanihoji. Ulikuwa wapi, na nani, mpaka saa ngapi, toa mfukoni. Dada Kucha ndiye mtu peke yake anayeniuliza siku yangu ilikuwaje, halafu akangoja nijibu."

"Huyo Dada Kucha ndiye nani?"

"Umeona? Unahoji tena."

Bibi akaja mlangoni na sahani ya chakula, akauona ule mkono ulioinuliwa, akasema kwa upole ambao haukuwa kawaida yake, "Mwanangu, shusha mkono. Nenda kavue hizo buti."

Alikwenda kuzivua. Kamba za buti zilimshinda kufungua, ingawa alizifungua kila siku ya maisha yake.

*

Kesho yake aliingia kwa mkuu wa zamu, akapiga saluti, akaomba apangiwe kazi ya nje siku ya ziara. Alisema ana sababu za kifamilia. Mkuu wa zamu, mwanamke aliyekaribia kustaafu na asiyependa mizunguko, akamtazama kwa muda.

"Ni binti yako?"

"Ndiyo, Afande."

"Ukikwepa watajua kuna jambo. Ukisimama kazini watadhani ni kazi. Simama kazini."

Jioni alipitia chumba cha kufulia kuchukua sare iliyopigwa pasi. Pale alikuwapo mfungwa waliyemwita Mama Pasi, mwanamke mrefu mkimya aliyepewa kifungo kirefu, na ambaye sare za gereza zima zilipita mikononi mwake. Ndiye aliyechaguliwa kuzungumza na wasichana wa shule. Mama Chiriku hakuwa na mazoea na wafungwa. Aliamini kati yake na wao kuna mstari, na watu wa upande ule walizaliwa na kitu pungufu ambacho yeye hakupungukiwa. Imani hiyo ilimwezesha kulala usingizi miaka yote.

"Afande," Mama Pasi alisema akimkabidhi shati kwa mikono miwili, "hao watoto wanaokuja niwaambie nini? Mwaka jana niliambiwa niwatishe. Nipige kelele, nitoe macho."

"Waambie ukweli."

"Ukweli hautishi, Afande. Ukweli unachosha tu."

Mama Chiriku alitaka kuondoka, lakini miguu ikasita. "Na mtoto anayefuata njia ya kuja huku," akasema, akijifanya anakagua vifungo vya shati, "anaweza kuambiwa nini akasikia?"

Mama Pasi akaiweka pasi kando. Alikuwa na akili ya kutouliza swali la mtoto gani. "Mimi nilipokuwa wa rika lao niliambiwa mengi, Afande. Sikumbuki kama niliwahi kuulizwa."

*

Siku ya ziara wasichana walishuka kwenye basi la shule wakicheka kwa sauti kubwa, kicheko cha watu wenye hofu. Langoni wakapangwa mistari miwili ya kukaguliwa. Mstari mmoja ulikuwa wa askari kijana mwenye tabasamu, wa pili wa Mama Chiriku. Chiriku aliwekwa mstari wa askari kijana. Mama yake akashusha pumzi. Kisha mwalimu wa ushauri, aliyeona mstari mmoja umekuwa mrefu kuliko mwingine, akawashika mabega wasichana wa mwisho akawahamisha, bila kujua alichokifanya.

Askari kijana akamnong'oneza, "Afande, mlete kwangu."

"Acha," Mama Chiriku akasema. "Kila mtu na mstari wake."

Binti alipofika mbele yake hawakutazamana usoni. "Nyoosha mikono," mama akasema, na ile sauti ya korido ikagoma kutoka. Ikatoka nyingine, ndogo, yenye mikwaruzo. Akapitisha viganja mabegani, kwapani, mbavuni. Mbavu zilihesabika. Lini amekonda hivi? Akagundua kwamba hajamgusa mtoto huyu siku nyingi, isipokuwa kumvuta au kumsukuma. Chini ya kiganja chake moyo wa Chiriku ulikuwa ukidunda kama wa ndege aliyenaswa. Akafika miguuni, akasimama.

"Pita," akasema. Halafu, chini kwa chini, "Usiogope."

Chiriku akapita bila kugeuka.

Wakaingizwa katika ukumbi mdogo wenye mabenchi. Mama Pasi alikuwa ameketi mbele yao, mikono magotini, na Mama Chiriku alisimama mlangoni kama taratibu zilivyotaka. Wasichana wakakaa. Mama Pasi hakusema kitu. Dakika zikapita. Wasichana wakaanza kusukumana viwiko. Mmoja wao, mwenye nywele fupi na mdomo usiojua kupumzika, akauliza, "Sasa mbona hatuanzi?"

"Mnangoja nini?" Mama Pasi akauliza.

"Si wewe uanze!"

"Na mimi namngoja Afande aniruhusu kunywa maji kabla sijaanza, koo limenikauka." Akageuka mlangoni. "Afande, naomba ruhusa ninywe maji."

Haikuwa mchezo. Mtungi ulikuwa karibu naye, angeweza kuufikia kwa mkono, lakini hakuugusa. Macho yote yakamgeukia Mama Chiriku, na kati ya macho hayo yalikuwamo ya binti yake.

"Kunywa," akasema.

Mama Pasi akanywa, akafuta midomo. "Basi hivyo ndivyo ilivyo humu. Nyie mmekuja kusikia juu ya kupigwa na kulala sakafuni. Msiponiamini shauri yenu, lakini hayo huzoeleka. Kisichozoeleka ni kungoja. Nangoja mlango ufunguliwe. Nangoja taa izimwe, siizimi mimi. Sijawahi kuzima taa tangu nimeingia. Nikitaka kutoka kwenye foleni hata kukohoa, naomba. Mtu mzima mimi, mvi hizi."

"Ulifanya nini?" yule wa nywele fupi akauliza.

"Nilitunza begi la rafiki yangu."

"Begi tu?"

"Begi tu. Sikulifungua. Nilidhani nisipolifungua, kilichomo si changu. Hakimu alikuwa na mawazo mengine." Wachache wakacheka, naye akawaacha wacheke. "Rafiki alinipenda sana, msidhani alikuwa mbaya wa kuonekana. Alinisuka nywele. Alinisikiliza. Nilipokamatwa nilingoja aje aseme begi ni lake. Nimengoja. Binti yangu nilimwacha anatambaa, sasa nasikia yuko shuleni. Sauti yake siijui. Akipita nje ya ukuta huu akiongea, sitajua kuwa ni yeye."

Yule mwenye nywele fupi, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kimya, akamwonyesha Mama Chiriku kwa kidevu. "Na huyu je, huwa anawapiga? Ana uso wa kupiga."

Mama Pasi akamtazama Afande kidogo, kisha akawageukia wasichana.

"Huyu ni mkali. Akipita hata panya wanajipanga mstari. Lakini nitawaambia jambo. Siku nilipoletewa habari kuwa mama yangu amefariki, niliambiwa nikiwa nimesimama, maana mfungwa hakai mbele ya afande. Huyu akaenda kuniletea kiti. Kisha akageuka akatazama ukutani mpaka nilipomaliza kulia. Hakusema neno. Sijui kama anakumbuka."

Alikumbuka. Hakuwahi kumsimulia mtu yeyote, kwa sababu lilikuwa kosa dogo la taratibu. Sasa hakujua pa kuweka macho, na alipoyainua yakakutana na ya Chiriku. Binti alikuwa akimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

*

Zamu ilipoisha alirudi nyumbani kwa haraka, akiwa amepanga maneno. Lakini Chiriku hakuwepo.

"Amerudi, akakaa pale, hakula," Bibi alisema. "Nikamwuliza vipi, akaniuliza mimi kama wewe huwa unalia. Nikamwambia ulilia sana ulipong'oka meno. Mara dada mmoja mwenye kucha ndefu kama uma akaja mlangoni, akamwita. Wakaondoka pamoja."

"Na wewe ukamwacha?"

"Ningemfunga kamba? Amesema anakwenda saluni, ile ya kona karibu na fundi baiskeli. Amesema mama akija nimwambie alikokwenda. Hajawahi kuniachia ujumbe wa namna hiyo."

Mama Chiriku alikwenda roho mkononi. Jua lilikuwa bado linawaka. Alifika kwenye ile kona, akaona kibao cha saluni, na mlango uliofunikwa pazia jepesi la shanga. Ndani mashine ya kukaushia nywele ilikuwa ikiunguruma. Alikuwa ameshanyoosha mkono kulisukuma pazia aliposikia sauti ya binti yake.

"Sikuja kupakwa rangi. Nataka simu ya mpishi."

"Mdogo wangu," sauti nyingine ikajibu, laini kama mafuta, "hiyo si tumeshaongea? Ipo, haijauzwa. Hasira za nini? Kaa nikurekebishe huo ukucha, umeng'oka kinyota."

"Nipe kwanza."

"Nitakupa. Na wewe nisaidie kidogo. Kuna begi hili, nitunzie kwenu mpaka Jumamosi. Kwenu hakuna atakayelitafuta. Nani apekue nyumba ya afande?"

Mkono wa Mama Chiriku ulikuwa kwenye shanga. Mwili wake wote ulijua la kufanya: kuingia, kupiga sauti, kumshika yule mwanamke mkono na kuupinda nyuma. Alikuwa amefanya hivyo kwa watu wenye nguvu kuliko mwanamke wa kupaka kucha. Lakini alijua pia kwamba akiingia, Chiriku atakuwa ametolewa mle ndani kama anavyotolewa mtu selo, na kesho atarudi. Akauondoa mkono kwenye pazia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko yoyote aliyowahi kupewa.

"Lina nini ndani?" Chiriku akauliza.

"Vitu vyangu."

"Lifungue nione."

"Wewe! Tangu lini tunaulizana? Mimi nilikuuliza nini ulipokuwa unakuja hapa unalia kwamba mama yako hakupendi?"

Mashine ya nywele ikaunguruma peke yake. Nje, Mama Chiriku akafumba macho.

"Hukuniuliza," Chiriku akasema hatimaye. "Ulinisikiliza, na mimi nilishukuru. Kumbe ulikuwa unanipima kama nabeba." Kisha sauti ikapanda, ikapanda tena, ikawa ile sauti ya zamani iliyokuwa ikiwaamsha majirani. "Nipe simu ya mpishi wa shule! Ile uliyonituma niichukue jikoni! Ya mama mtu mzima ambaye mwanawe yuko mbali! Nipe!"

"Punguza sauti, kuna wateja!"

"Si ndiyo vizuri! Wateja, hii simu—"

Mashine ikazimwa. Kikasikika kiti kikisogezwa, na mwanamke mmoja mtu mzima akauliza, "Kucha, simu gani tena? Na yangu iliyopotelea hapa hapa mwezi uliopita?" Mwingine akadakia. Likazuka zogo. Droo ikafunguliwa kwa hasira na kufungwa kwa hasira zaidi.

"Chukua! Chukua na usikanyage tena hapa, mtoto wa mlinda wezi!"

Chiriku alitoka akiwa ameikumbatia simu kwa mikono miwili, pazia la shanga likampiga mgongoni. Akagongana na mama yake. Wote wawili wakashtuka kana kwamba kila mmoja alikuwa mwizi.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Lile la kusema hunipendi..."

"Na hilo nimelisikia."

"Mbona hukuingia?"

Mama Chiriku akaanza kutembea pamoja naye. "Nilitaka kuingia. Nilitaka mno. Lakini ulikuwa unasema mwenyewe, nikaona nisikukatize." Kisha, kwa sababu hakuwa na mazoea nalo, swali lilimtoka kwa kigugumizi. "Siku... siku yako ilikuwaje leo?"

Akangoja. Walipita fundi baiskeli, wakapita duka la mkate, naye bado alingoja. Chiriku akaanza kulia, na katikati ya kulia akaanza kuongea.

*

Mpishi alikuwa amekaa kibarazani kwake akiloweka miguu kwenye beseni. Chiriku alimpa simu kwa mikono miwili, akapiga goti. Alisema ni yeye aliyeichukua juu ya rafu ya jikoni, kwamba aliambiwa na mtu lakini mkono ulikuwa wake, na anaomba radhi. Mama yake alisimama nyuma.

Mpishi akaiwasha. "Laini imetolewa," akasema. "Imefutwa yote." Akaigeuza huku na huku. "Picha za mwanangu zilikuwa humu. Akiwa na kofia ya kuhitimu."

"Laini inaweza kurudishwa, mama. Namba yako ni ile ile, akipiga ataipata. Nitakupeleka mwenyewe. Picha ndizo..." Chiriku akashindwa kumaliza.

"Picha ndizo zimekwenda," mpishi akamaliza. Akatoa miguu kwenye beseni. "Usidhani kwa kupiga goti nimekusamehe. Sijakusamehe. Kesho asubuhi nipeleke kwenye hiyo laini. Halafu baada ya masomo uje jikoni, kuna maharage ya kuchambua, na macho yangu siku hizi hayaoni mawe. Utakuja mpaka nitakaposema basi."

"Nitakuja."

"Si kwa kuwa mama yako amesimama hapo."

"Hapana, mama. Nitakuja mwenyewe."

Kituo cha polisi walikwenda siku iliyofuata, yeye, mama yake na mwalimu wa ushauri. Haikuwa safari nyepesi. Askari wa kaunta alimhoji Chiriku kama mshitakiwa, akamrudisha nyuma mara kadhaa, na Mama Chiriku alilazimika kukaa kwenye benchi la wazazi na kutafuna ulimi wake. Wanawake wawili wa saluni walikuja pia na malalamiko yao. Dada Kucha alipofuatwa alikutwa na lile begi, na ndani mlikuwa na simu za watu tele. Chiriku aliandikwa shahidi. Alionywa kwamba safari nyingine hataandikwa hivyo, naye akaitika kwa sauti ya kusikika.

Bombani maneno hayakwisha. Wapo waliosema amewachoma wenzake ili ajiokoe. Na si wote waliokwenda ile ziara waliobadilika. Yule mwenye nywele fupi alirudi akiigiza namna ya kuomba ruhusa ya kunywa maji, akalivunja mbavu darasa zima. Mwalimu wa ushauri alisema tu kwamba huyo naye atampeleka tena.

*

Wiki iliyofuata Mama Chiriku alipitia chumba cha kufulia kuchukua sare. Alipopewa shati hakuondoka. Akafunga mlango nusu, akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa. Mama Pasi akashikwa na butwaa, pasi mkononi.

"Yule msichana aliyekaa benchi la nyuma, mwenye kucha za zambarau," Mama Chiriku alisema, "ni mwanangu."

"Nilijua, Afande."

"Ulijuaje?"

"Nilipoomba maji, wote walitazama mtungi na kukutazama wewe. Yeye peke yake aliona haya. Mtu huona haya kwa ajili ya wa kwao." Akasita. "Amepewa begi?"

"Amepewa. Kalikataa."

Mama Pasi akageukia meza yake, akaanza kunyoosha kola iliyokwisha kunyooka, akainyoosha tena na tena. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Mama Chiriku akakaa pale pale juu ya ndoo na kuutazama ukuta. Safari hii aliona haitoshi. Akainuka, akaweka mkono begani kwa yule mwanamke, akauacha hapo.

"Binti yako yuko shule gani?" akauliza. "Yupo anayeweza kumleta siku ya kutembelewa? Nikimwomba mwalimu wa ushauri, yeye ana njia za kuzungumza na walezi. Siahidi kitu. Nauliza tu."

Mama Pasi akamtajia shule.

*

Mwishoni mwa muhula mwalimu wa ushauri alimwita Mama Chiriku tena. Safari hii alikwenda na gauni na viatu vya kawaida, hakuna aliyegeuka kumtazama uwanjani. Mwalimu alimwambia mambo mawili. La kwanza, walezi wa binti wa Mama Pasi wamekubali kumleta siku ya kutembelewa. La pili, jambo la Chiriku limefungwa, mkuu wa shule ameridhika.

"Amwambie mpishi basi amwachie," Mama Chiriku alisema akitabasamu. "Mtoto anarudi nyumbani ananuka moshi."

"Mpishi alishamwachia siku nyingi," mwalimu akajibu. "Anakwenda mwenyewe. Kamwone."

Jikoni mlijaa mvuke. Mpishi alikuwa amesimama mbele ya sufuria kubwa, mwiko mrefu mikononi, anakoroga kwa nguvu zote na wakati huo huo anapiga kelele kwa furaha. Kando yake Chiriku alikuwa amesimama juu ya kigoda, mikono ameinyoosha mbele, ameishika ile simu juu kwenye usawa wa uso wa mpishi. Kwenye kioo alionekana kijana mwenye ndevu changa akicheka.

"Mama, sikuoni, naona moshi!" kijana akasema.

"Inua kidogo, mwanangu," mpishi akamwambia Chiriku. "Hapo hapo. Usitikise."

"Nani huyo anayekushikia simu?"

Mpishi aliendelea kukoroga. Hakugeuka wala hakusita. "Ni msaidizi wangu. Nisingekuwa naye ningekuongelesha saa ngapi, na sufuria hili? Haya, niambie, unakula vizuri huko?"

Chiriku alimwona mama yake mlangoni. Mikono ilikuwa imeanza kumchoka, ikitetemeka kidogo, lakini hakuishusha.

"Mama, ningoje," akasema. "Hawajamaliza."

Mama Chiriku akavuta gunia tupu, akaketi, akangoja.